Tuna darubini ndogo na Gaia imeshapima nyota bilioni 1.8: tunahesabu za nini?

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama Gaia, chombo cha angani cha kupima nyota, kimeshapima karibu nyota bilioni 2, sisi wenye darubini ndogo tunachora ramani ya nini? Na anayetaka kuanza, aanzie wapi? La kwanza nimeulizwa mara nyingi, mara moja nikiwa nimeinama kwenye darubini saa nane usiku, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Tuanze na namba. Gaia ilirushwa Desemba 2013, ikakaa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, ikapima mpaka Januari 2025. Ilizimwa Machi mwaka huohuo. Orodha yake ya mwaka 2022 ina nyota kama bilioni 1.8. Ukizihesabu moja kila sekunde, bila kulala wala kula, utamaliza baada ya miaka 57. Na hizo zote hazifiki asilimia 2 ya nyota za galaksi yetu, hata tukishika kadirio la chini la bilioni 100. Wapo wanaokadiria bilioni 400. Kwa macho matupu, anga lote la dunia, kaskazini na kusini, lina nyota kama 9,000 tu, na usiku mmoja nusu yake iko chini ya miguu yako. Mimi namba hizi sijazizoea hata leo. Kila nikiiona Njia ya Maziwa, ule mkanda wa nuru wa galaksi yetu, imetanda juu yangu nasimama kwanza, kazi inangoja.

Sasa niseme nilichofanya mwenyewe. Nina darubini ya lenzi ya milimita 80. Kwa ukuzaji mdogo inaonyesha duara la anga la nyuzi 1 hivi, yaani mwezi mpevu mara mbili ukiipanga kando kwa kando. Nilichagua mstari mmoja, nikauanzia mbali na Njia ya Maziwa, nikaukatisha ndani yake karibu na Salibu, kundinyota la msalaba wa kusini, nikautoa upande wa pili. Kwenye mstari huo niliweka vituo, na kila kituo nilihesabu nyota zote ndani ya duara. Kazi ilinichukua misimu miwili, kwa sababu nilikubali usiku usio na mwezi tu, na vituo vilivyopanda juu, mbali na ukungu wa upeo.

Usiku wa kwanza ulinifundisha adabu. Kituo kilekile nilikihesabu mara mbili, nikapata 31, kisha 44. Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, jicho linahitaji karibu nusu saa gizani kabla halijafunguka sawasawa, nami nilikuwa nimeanza baada ya dakika kumi. Pili, zipo nyota hafifu zinazoonekana ukitazama pembeni yake tu, na ukizikazia macho zinapotea. Kama hukuamua mapema utazihesabu au utaziacha, kila raundi utapata namba yake. Mimi niliamua kuzihesabu, mradi kila moja niione mara tatu mahali palepale. Kuanzia hapo nilihesabu kila kituo raundi tatu, na zikitofautiana sana nakirudia usiku mwingine.

Namba zilipanda kama nilivyotarajia: 8, 11, 15, 24, 38, 52. Halafu kituo kilichofuata nikapata 7.

Nikadhani umande umetanda kwenye lenzi. Nikaikausha, nikarudia: 7. Nikasogeza darubini kidogo, zikawa 6. Nikaivuka sehemu ile, nikapata 47. Nilipoinua kichwa na kutazama kwa macho matupu ndipo nikaona nilipokuwa: ndani ya Mfuko wa Makaa, lile doa jeusi lililo ubavuni mwa Salibu. Nilikuwa nimelitazama miaka mingi bila kufikiri kwamba siku moja litanivurugia hesabu.

Hapa ndipo penye jibu la swali lako, kwa hiyo nivumilie. Kuna kanuni rahisi ya kugeuza hesabu kuwa ramani. Ukichukulia kwamba nyota zimesambaa kwa usawa, na kwamba darubini yako inafika mpaka mwisho wa galaksi, basi penye nyota nyingi galaksi imeenda mbali, na penye chache imeishia karibu. Nyota zikiwa mara 8, umbali ni mara 2. Nilichora ramani yangu hivyo. Likatoka umbo lililobanwa kama yai lililolazwa, lina ufa mkubwa upande mmoja, na sisi tumekaa karibu na katikati.

Ramani hiyo ina makosa karibu kila mahali, ila ni makosa yenye historia. William Herschel, mwanamuziki aliyegeuka mtazamaji wa nyota na kuigundua sayari ya Uranus mwaka 1781, alihesabu nyota katika sehemu zaidi ya 600 za anga, dada yake Caroline akiandika alichokiona. Mwaka 1785 alichapisha mchoro wa galaksi: bapa, una ufa, na Jua liko karibu na katikati. Mwanawe John akaenda Rasi ya Tumaini Jema, na kati ya 1834 na 1838 akahesabu karibu nyota 70,000 za anga la kusini. Mpaka mwaka 1922 mwanaastronomia Jacobus Kapteyn bado alikuwa anatuweka jirani na kitovu cha galaksi.

Kilichowaponza ni vumbi. Katikati ya nyota kuna mawingu ya vumbi jembamba linalomeza mwanga. Mfuko wa Makaa ni wingu la namna hiyo, kama miaka ya nuru 600 kutoka hapa (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), na zile nyota 7 zangu nyingi ziko mbele yake. Mwanaastronomia Harlow Shapley aliponyoka mtego huo mwaka 1918 kwa kutazama vishada vikubwa vya nyota vilivyo juu na chini ya bapa la galaksi, mbali na vumbi zito. Aliona vimeelemea upande mmoja wa anga, akasema kitovu kiko huko. Mwaka 1930 mwenzake Robert Trumpler akathibitisha kwamba vumbi lenyewe lipo na linapunguza mwanga. Leo tunajua kitovu kiko kama miaka ya nuru 26,000 kutoka kwetu, na bapa lote lina upana wa takriban 100,000.

Mkuu, haya nilikuwa nimeshayasoma zamani. Lakini siku niliyopata 7 baada ya 52, kwa jicho langu mwenyewe, niliwaelewa watu wale kwa mara ya kwanza. Hawakuwa wazembe. Walihesabu kwa uaminifu, na anga likawaficha kitu. Gaia imenipa namba nyingi kuliko nitakavyoweza kusoma maishani, lakini ilichonipa daftari langu haikunipa. Hiyo kwangu ni sababu tosha. Kwako huenda haitoshi, basi kuna nyingine.

Gaia ilizunguka ikipitia anga lote, kwa hiyo nyota moja iliirudia mara kadhaa kwa mwaka. Haikuwa na uwezo wa kukaa inaitazama kila usiku. Tena nyota zinazong'aa sana ziliilemea. Nyota zinazobadilika mwangaza bado zinahitaji macho ya watu wengi walio sehemu mbalimbali za dunia, kwani wingu likiniziba mimi halikuzibi wewe. Chama cha watazamaji wa nyota badilifu, AAVSO, kinakusanya makadirio ya watu wa kawaida tangu mwaka 1911, na wanasayansi wanayatumia. Mwishoni mwa 2019 Betelgeuse, nyota nyekundu ya bega la kundinyota la Jabari, ilianza kufifia. Kwa kawaida ina magnitudo (kipimo cha mwangaza, namba ikiwa kubwa nyota ni hafifu zaidi) ya 0.5 hivi, na kufikia Februari 2020 ilishuka hadi karibu 1.6. Nilikuwa naikadiria kila usiku niliopata anga safi. Sijawahi kutoka nje kwa shauku kama wiki zile. Baadaye ilielezwa kwamba nyota ile ilikuwa imetema gesi, ikapoa, ikageuka vumbi na kutuziba. Vumbi tena!

Hata kuhesabu nyota za macho matupu kuna kazi. Mradi wa Globe at Night unawaomba watu waseme nyota gani wanaziona katika kundinyota fulani. Kutoka ripoti zaidi ya 50,000 za mwaka 2011 hadi 2022, watafiti walionyesha mwaka 2023 kwamba mng'ao wa taa angani unaongezeka karibu asilimia 10 kila mwaka. Satelaiti hazikuwa zimeuona ukubwa huo. Binafsi jambo hili linaniuma kuliko lolote katika shughuli yetu.

Sasa pa kuanzia. Usinunue chochote kwanza. Tafuta giza, kaa nusu saa, tochi yako ifunike kwa plastiki nyekundu. Chora Kilimia kama unavyokiona wewe, bila kufungua programu ya simu. Wengi huona nyota 6, wenye giza zuri huona zaidi. Fanya hivyo usiku tatu, linganisha michoro.

Ukishazoea, hamia Eta Aquilae katika kundinyota la Ukabu, yule tai. Inaonekana kaskazini na kusini, na kila siku 7 na saa chache hupanda na kushuka kati ya magnitudo 3.5 na 4.3 hivi. Ilinganishe na jirani zake: Delta ina 3.4, Beta 3.7, Iota 4.4. Ikiwa hafifu kuliko Beta na inang'aa kuliko Iota, jiulize iko karibu na ipi zaidi, andika namba, tarehe na saa. Ni nyota ya jamii ileile ambayo mwanaastronomia Henrietta Leavitt alionyesha mwaka 1912 kwamba kadiri inavyochukua muda mrefu kupanda na kushuka ndivyo ilivyo na nuru kubwa zaidi, na kwa njia hiyo watu wakapata kupima umbali wa galaksi nyingine.

Usiangalie makadirio ya jana kabla hujaandika ya leo. Ukifikisha ishirini, yaweke hapa kwenye uzi, nami nitaweka yangu ya siku hizohizo tuone yanavyolingana.