Maswali ya Wasomaji: Saba Saba ya Nairobi

SWALI: Ndugu Mhariri, huku kwetu Tanga tarehe 7 Julai ni sikukuu, na wenye nafasi husafiri hadi Dar es Salaam kwenda kutazama maonyesho ya biashara. Mwanangu anasoma Nairobi. Mwaka 2025 alinipigia simu siku hiyo akanieleza kwamba barabara za kuingia katikati ya jiji zimefungwa na polisi na kwamba hatoki chumbani. Je, hiyo ndiyo Saba Saba yetu, au wenzetu wana yao? – Mama wa mwanafunzi, Tanga

JIBU: Mama, wenzenu wana yao. Ya kwenu inatokana na kuzaliwa kwa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, jijini Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954. Ya Nairobi ilianza Jumamosi ya tarehe 7 Julai 1990, katika uwanja wa Kamukunji, na tangu hapo siku hiyo imekuwa ikiuliza swali lile lile: je, mwananchi anaruhusiwa kukutana na wenzake hadharani na kusema anachokitaka?

Tangu mwaka 1982 Katiba ya Kenya, kwa sehemu yake ya 2A, ilikuwa imeifanya KANU kuwa chama pekee cha siasa nchini, na katika mchujo wa mwaka 1988 wapiga kura walipangwa mlolongo nyuma ya wagombea wao, kila mmoja akionekana na jirani yake na chifu wake. Mwezi Mei 1990 mawaziri wawili wa zamani, Kenneth Matiba na Charles Rubia, walijitokeza mbele ya waandishi wa habari wakadai mfumo wa vyama vingi. Rubia hakuwa mgeni wa jiji hili, kwa kuwa ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Nairobi, kisha akawa mbunge wa Starehe kwa miaka mingi. Mwezi huo huo vibanda vya Muoroto, karibu na kituo cha mabasi cha Machakos, vilibomolewa na wakazi wake wakapambana na askari, kwa hiyo hasira mitaani ilikuwa imeshapanda kabla ya mkutano wowote kuitishwa. Wawili hao waliomba kibali cha kuhutubia Kamukunji tarehe 7 Julai. Walinyimwa, na tarehe 4 Julai wakakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka.

Kamukunji iko mashariki ya katikati ya jiji, jirani na Gikomba, Pumwani na Shauri Moyo. Mafundi wa jua kali wa eneo hilo hufua mabati kutwa nzima wakitengeneza masanduku ya wanafunzi, majiko na karai, na uwanja wenyewe ulikuwa wa mikutano ya siasa tangu kabla ya uhuru. Siku ile watu walikwenda huku wakijua kwamba waliowaita wamo kizuizini na kwamba hapatakuwa na jukwaa wala msemaji. Waliinua vidole viwili, ishara ya vyama vingi, katika nchi ambayo saluti ya chama tawala ilikuwa kidole kimoja. Polisi waliwatawanya kwa vitoa machozi, rungu na risasi, ghasia zikaendelea kwa siku kadhaa na kusambaa hadi Nakuru na miji ya Mkoa wa Kati. Serikali yenyewe ilikiri vifo vipatavyo 20, na waliokamatwa walizidi 1,000. Kwangu mimi, wale waliokwenda bila kiongozi wa kuwatangulia ndio wanaostahili kukumbukwa kwanza, ingawa majina yao hayasomwi popote.

Sehemu ya 2A ilifutwa mwezi Desemba 1991. Matiba, ambaye alipata kiharusi akiwa kizuizini, hakupona sawasawa hadi alipofariki mwaka 2018.

Tarehe 7 Julai 1997 ilikuwa Jumatatu, na safari hii madai yalikuwa marekebisho ya sheria kabla ya uchaguzi wa mwaka ule. Polisi waliwafuata waandamanaji hadi ndani ya Kanisa Kuu la All Saints, karibu na Uhuru Park, wakafyatua vitoa machozi na kuwapiga watu waliokuwa wamekimbilia humo. Picha za damu ndani ya nyumba ya ibada ziliwashtua hata waliokuwa wakiiunga mkono serikali, na kabla ya mwaka kwisha wabunge wa pande zote mbili walikuwa wamekubaliana kurekebisha sheria kadhaa, ikiwemo ile ya vibali vya mikutano.

Baada ya hapo siku hiyo imekuja kwa sura nyingi: mkutano wa upinzani Uhuru Park mwaka 2014, maandamano dhidi ya ukatili wa polisi mwaka 2020, na mwaka 2024 tamasha la vijana, papo hapo Uhuru Park, la kuwakumbuka wenzao waliouawa wakipinga Mswada wa Fedha. Aliyoyaona mwanao mwaka 2025 yalikuwa mazito zaidi. Polisi waliweka vizuizi na seng'enge katika barabara kuu, na tume ya taifa ya haki za binadamu iliripoti kwamba zaidi ya watu 30 waliuawa nchini kote. Alifanya vyema kukupigia simu na kukueleza ukweli.

SWALI: Mtaani kwetu tuliwahi kutawanywa kwa madai kwamba mkutano wetu “hauna kibali”. Je, kibali bado kinahitajika? – Msomaji, Kayole

JIBU: Hapana. Tangu marekebisho ya mwaka 1997 sheria inataka taarifa tu, na Kifungu cha 37 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Mpelekeeni mkuu wa kituo cha polisi cha eneo lenu taarifa ya maandishi, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla ya mkutano, mkitaja mahali, tarehe na saa, ambayo iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kituo.