Ombi la Uteuzi Liko Kanada, Karatasi Ziko Nairobi

Barua za mwezi huu zimetoka kwa jamaa za watu walioenda Kanada kwa kibali cha kazi, wakaomba jimbo liwateue ili wapate ukaaji wa kudumu, na sasa wanangoja. Wengi mnadhani kungoja ni kukaa tu. Sivyo. Jamaa yako akiwa foleni kule, kuna tarehe zinazokwisha huku na kule, na nyingine mwenye uwezo wa kuziangalia ni wewe uliye Nairobi.

*Mume wangu anaendesha lori Saskatchewan. Ombi lake la uteuzi lilipokelewa miezi saba iliyopita na tangu hapo ni kimya. Kibali chake cha kazi kinaisha baada ya miezi minne. Wenzake wanamwambia aombe kibali cha kuvukia cha wale wanaongoja ukaaji. Inawezekana? — Mama Junior, Kasarani*

Bado, Mama Junior, na ni heri alijue hilo leo kuliko wiki ya mwisho. Foleni ni mbili. Ya kwanza ni ya jimbo: Saskatchewan inapima kama itamteua. Ya pili ni ya serikali kuu, idara iitwayo IRCC, na hiyo ndiyo pekee inayotoa ukaaji wa kudumu. Kibali cha kuvukia ni cha mtu aliye kwenye foleni ya pili, yaani ameshateuliwa, ametuma ombi la ukaaji, na IRCC imemwandikia kwamba imelipokea ombi lake na limekamilika. Nambari ya faili ya jimbo haimfikishi huko. Anayeomba kwa nambari hiyo hulipa dola 255 za Kanada, hukataliwa, na siku alizokuwa nazo zinakuwa zimekwenda.

Anachoweza kufanya sasa ni kuzungumza na mwajiri. Njia moja ni mwajiri kuomba upya tathmini ya soko la kazi, LMIA, yaani idhini ya serikali kuu ya kumwajiri mgeni kwa kuwa hapatikani mtu wa huko wa kuifanya kazi hiyo, kisha mumeo aombe kibali kipya juu yake. Inachukua miezi, kwa hiyo ianze wiki hii. Ada yake ni dola 1,000 na ni ya mwajiri. Sheria hairuhusu kumkata mfanyakazi pesa hiyo, hata kwa awamu. Njia nyingine hufunguka uteuzi ukitoka kabla kibali hakijaisha: jimbo hutoa barua ya kuunga mkono kibali cha kazi, mwajiri anaingiza ajira hiyo kwenye mfumo wa IRCC na kulipa dola 230, na LMIA haihitajiki tena.

Kwa njia yoyote, ombi la kibali kipya liingie kabla ya tarehe ya mwisho ya kibali cha sasa. Likiingia kabla, anaruhusiwa kuendelea na kazi kwa masharti yaleyale mpaka jibu litoke, maadamu hajatoka Kanada. Akija nyumbani kwa mazishi au harusi katikati ya kipindi hicho, ruhusa ya kufanya kazi haimngoji. Akirudi atakaa bila kazi mpaka kibali kipya kitoke. Na kama tarehe imempita kabisa, ana siku 90 za kuomba kurejeshewa hadhi yake, na katika siku hizo haruhusiwi kushika usukani wa lori hata siku moja.

Muulize pia pasipoti yake inaisha lini. Kibali hakitolewi kupita tarehe ya mwisho ya pasipoti. Mtu anaomba miaka miwili, anapewa miezi mitano, anadhani ameonewa, kumbe ni pasipoti.

Kuhusu ule ukimya, mwaka 2024 mpango wa serikali kuu ulitenga nafasi 110,000 za watu wa kuingia kwa uteuzi wa majimbo. Mwaka 2025 zikakatwa hadi 55,000. Kwa mwaka 2026 zikapandishwa hadi 91,500. Nafasi zilipopungua nusu, maombi mengi yalibaki mezani. Saskatchewan yenyewe mwaka 2025 iliweka kikomo kwa uchukuzi wa malori, hoteli na vyakula, na maduka ya rejareja. Kwa hiyo faili ya dereva inaweza kukaa bila kosa lolote ndani yake, kwa sababu tu fungu la sekta yake limejaa. Kuandika kila wiki kuuliza hakuisogezi. Aandike pale tu jambo linapobadilika: anwani, pasipoti, mshahara, cheo kazini, mtoto kuzaliwa.

*Kijana wetu wa kwanza anatimiza miaka 22 mwezi wa Novemba. Baba yake yuko Manitoba na alituma ombi la uteuzi mwezi wa Machi. Jibu likichelewa, kijana ataachwa? — Mzazi, Umoja*

Tunafurahi kukujibu wewe, kwa maana habari ni njema. Mtoto huhesabiwa kuwa tegemezi akiwa chini ya miaka 22 na hana mke. Kwa watu wa uteuzi wa jimbo, umri huo hugandishwa siku ombi la uteuzi lilipofikishwa kwa jimbo. Si siku ya kuteuliwa, wala si siku ya kutuma ombi IRCC. Machi kijana alikuwa na miaka 21, na katika faili hiyo atabaki na 21 hata foleni zote mbili zikila miaka miwili.

Ila msilale. Manitoba huanza kwa mtu kujiandikisha kuonyesha nia, kisha jimbo humwalika, ndipo anatuma ombi lenyewe. Tarehe inayogandisha umri ni ya ombi, si ya kuonyesha nia. Baba atafute ile barua pepe ya kupokelewa kwa ombi, aisome vizuri, aihifadhi mahali pawili na awatumie nakala. Jambo la pili: tarehe hiyo ni mali ya ombi hilo tu. Akiliondoa ili aombe upya kwa mwajiri mwingine, au likikataliwa akaanza tena baada ya Novemba, kijana atahesabiwa umri wake mpya, na hapo atakuwa ametoka. Jambo la tatu ni la kijana mwenyewe: asioe wala asikae na mtu kinyumba mpaka apate ukaaji wake.

Tukiwa hapo kwa watoto, watajeni wote. Yule anayelelewa na bibi Kitui, yule wa mama mwingine, yule asiyetaka kusafiri. Mtoto asiyetajwa na asiyepimwa afya anaweza kufungiwa mlango wa kudhaminiwa na mzazi wake baadaye, na tunaumia kila tunapopokea barua ya namna hiyo, maana kosa lilikuwa la mstari mmoja kwenye fomu. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18 ambaye mzazi wake mmoja hasafiri, mzazi huyo hutia sahihi fomu IMM 5604 ya kuridhia na kuambatisha nakala ya kitambulisho chake. Msingoje kuidai siku ya mwisho, hasa kama hamsikilizani.

Toa pia cheti cha kuzaliwa na pasipoti ya kila mtoto, uziweke mezani sambamba. Soma herufi kwa herufi. Cheti kinasema Mohamed, pasipoti inasema Mohammed. Cheti kina majina mawili, pasipoti ina matatu. Kosa kama hilo ni bora lirekebishwe kwenye ofisi ya usajili wa vizazi na vifo kabla ombi halijatumwa; likishindikana, pata hati ya kiapo iliyotiwa sahihi mbele ya wakili ikieleza kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja.

*Nimeambiwa niende DCI mara moja nikate cheti cha tabia njema ili kiwe tayari mume wangu akiteuliwa. Na daktari je? — Msomaji, Rongai*

Ngoja kidogo, dada. Kwa nchi unayoishi sasa, cheti cha polisi kinatakiwa kiwe kimetolewa ndani ya miezi sita kabla ya kutuma ombi IRCC. Ukikata leo na uteuzi utoke baada ya miezi tisa, utakata kingine. Kwa mumeo ni tofauti: cheti cha Kenya kilichotolewa baada ya yeye kuacha kuishi huku hakizeeki kwa sababu hiyo, mradi hajarudi kukaa tena miezi sita mfululizo.

Wakati ukifika, unaomba kwenye eCitizen, unalipa shilingi 1,050, unachapisha fomu C24 na hati ya malipo. C24 ichapishwe pande mbili za karatasi moja. Ukileta karatasi mbili utarudishwa. Alama za vidole huchukuliwa Kiambu Road au kwenye vituo vya Huduma vinavyotoa huduma hiyo. Kama mikono yako ni ya kufua, kujenga au kumenya, ipake mafuta siku kadhaa kabla na uifute ikauke asubuhi hiyo, maana mistari iliyofifia hutoa alama zisizosomeka.

Hesabu pia kila nchi ambayo yeyote kati yenu ameishi miezi sita mfululizo katika miaka 10 iliyopita, tangu atimize 18. Kama ulifanya kazi Saudi Arabia, Qatar au Dubai, cheti cha huko kinahitajika, na hicho ndicho kinachochelewesha familia nyingi za Nairobi kuliko cha DCI. Hicho kianze kufuatiliwa sasa.

Daktari awe wa orodha ya IRCC pekee. Kipimo cha hospitali yako ya kawaida hakitambuliki, hata kiwe kizuri namna gani. Matokeo hudumu miezi 12. Kwa wanaopitia Express Entry, mfumo wa mtandaoni ambamo IRCC huwapanga waombaji kwa alama na kuwaalika, tangu 21 Agosti 2025 kipimo hufanywa kabla ya kutuma ombi, na ukishaalikwa una siku 60 tu za kulituma. Wasiopitia mfumo huo hungoja maelekezo ya IRCC.

*Mimi ni mpishi. Jimbo limeniandikia kwamba barua ya mwajiri wangu wa zamani, wa hoteli moja Eastleigh, haitoshi. Ilisema nilikuwa mfanyakazi mwaminifu kwa miaka minne. — Msomaji aliye New Brunswick*

Uaminifu wako hawakuuliza, ndugu. Wanataka kujua ulipika nini. Barua iwe kwenye karatasi yenye nembo na anwani, iwe na sahihi na cheo cha anayeandika, tarehe ya kuanza na ya kuacha, saa za kazi kwa wiki, mshahara, na shughuli zako za kila siku. Katika orodha ya kazi ya Kanada, mpishi ni 63200, na msaidizi wa jikoni ni 65201. Tofauti yao iko kwenye vitendo. Kupika mlo mzima, kupanga menyu na kusimamia wasaidizi ni mpishi. Kuosha sufuria na kukata vitunguu ni msaidizi, hata kama hoteli ilikuita mpishi mkuu. Andika ulichofanya kweli, kwa maneno ya jikoni kwenu: pilau ya sahani 200 kila Ijumaa, mchuzi, chapati, kuagiza nyama. Usinakili maelezo ya orodha ya serikali neno kwa neno. Afisa anayajua kwa moyo.

Ambatisha P9 za KRA na taarifa ya michango ya NSSF. Kama ulilipwa kwa M-Pesa, omba taarifa ya miezi hiyo, uweke alama kwenye kila malipo ya mwajiri. Kama mwenye hoteli hapatikani, eleza hivyo kwa barua na ulete ushahidi mwingine. Usinunue barua. Ikigundulika ni ya uongo, adhabu ni kufungiwa Kanada miaka mitano.

*Kuna ajenti mjini anadai shilingi 400,000 atuharakishie uteuzi. — Kikundi cha wazazi, Donholm*

Msimpe. Uteuzi hauuzwi na foleni ya jimbo haina dirisha la pembeni. Anayelipwa kushughulikia ombi la Kanada lazima awe wakili wa huko au mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa na chombo kinachowasimamia washauri hao, CICC, ambacho orodha yake iko wazi mtandaoni. Tafuteni jina lake wenyewe, msikubali picha ya cheti kwenye simu. Ajenti wa ajira hapa Kenya naye lazima awe ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

*Kaka yangu amepunguzwa kazini na ombi la uteuzi bado liko kwa jimbo. Amenyamaza akihofia litakataliwa. — Msomaji, Kayole*

Hofu yake tunaielewa, lakini kunyamaza ndiko kutakakomponza. Ombi lililosimama juu ya kazi ya mwajiri fulani linategemea kazi hiyo iwepo, na jimbo linaweza kumpigia mwajiri kabla ya kuteua. Likimsikia mwajiri kwanza, kaka yako ataonekana ameficha. Aandike mara moja kwa jimbo: nambari ya faili kwenye kichwa cha barua pepe, tarehe aliyoachishwa, barua ya mwajiri ikitaja sababu, na kama anatafuta kazi ya aina ileile. Baadhi ya njia za majimbo huruhusu kuleta mwajiri mpya, nyingine hufunga faili. Aulize kwa maandishi ipi ni yake. Kibali chake kikiwa cha mwajiri mmoja, asianze kazi mpya mahali pengine kabla hajapata ruhusa ya IRCC, hata mwenye kazi akimwambia aje kesho.