Usisubiri joho: maswali yenu kuhusu vibali vya kazi baada ya chuo nje

Mwezi huu meseji zimekuwa za aina moja, vijana wamemaliza vyuo nje na wazazi wao huku Dar hawalali, saa nane za usiku wako WhatsApp wanauliza mwanangu umeshapata kibali. Nimechagua tatu.

*Anti habari za kazi. Mwanangu yuko Kanada, amemaliza masta ya miaka miwili, na chuo kilimwandikia tarehe 6 Mei kwamba amekamilisha kila kitu. Mahafali ni Oktoba, na yeye anasema kibali cha kazi atakiomba akishavaa joho maana ndo atakuwa na cheti mkononi. Kibali chake cha masomo kimeandikwa mwisho 31 Agosti. Pasipoti yake alichukua 2018 akiwa bado UDSM. Septemba dada yake anaolewa hapa Tabata nataka aje. Halafu kuna ajenti Kinondoni anataka milioni 2 na nusu amtafutie kibali pamoja na barua ya mwajiri. Nimlipe? – Mama wa Tabata*

Dada yangu shikamoo, na pole kwa presha. Wewe nilishakupigia simu juzi, maana tungesubiri gazeti litoke Julai ingekuwa inaishia, hapa naandika kwa ajili ya wenzio.

Ajenti usimlipe, nitamrudia. Kwanza kijana.

Kijana anahesabu kuanzia joho, Wakanada wanahesabu kuanzia barua. Siku chuo kilipomwandikia kwamba kamaliza, saa ilianza kutembea, na zinatembea saa mbili kwa pamoja. Moja ni siku 180 za kuomba kibali cha kazi cha wahitimu, wenyewe wanakiita PGWP (enzi zetu zilikuwa 90 tu, zikaongezwa mwaka 2019). Kutoka 6 Mei siku 180 zinaangukia 2 Novemba, kwaiyo yeye akiangalia anaona mbona muda upo wa kumwaga. Saa ya pili ndo inayouma: kibali cha masomo kinakufa siku 90 baada ya kumaliza hata kama karatasi imeandikwa tarehe ya mbele. Chukua kalenda ya ukutani uhesabu kwa kidole, utafika 4 Agosti. Ile 31 Agosti haina kazi tena, inayotangulia ndo inayohesabika.

Akituma maombi kabla ya hiyo tarehe 4, na kama hakuwahi kuvunja masharti ya kazi alipokuwa mwanafunzi, anaruhusiwa kupiga kazi muda wote huku anasubiri majibu. Akichelewa, bado anaweza kuomba ndani ya zile 180, ila sasa itabidi kwanza aombe kurudishiwa hadhi yake na alipie, na kazi asiguse kabisa, au atoke nchini aombe akiwa nje. Yote hiyo kwa sababu ya picha za joho. Cheti chenyewe wala hawakitaki, barua ya chuo na matokeo yanatosha.

Kuna kingine hakukitaja na nina wasiwasi hakijui. Tangu 1 Novemba 2024 anayeomba PGWP lazima aambatanishe matokeo ya mtihani wa lugha, na kwa waliomaliza chuo kikuu kiwango ni 7 kwenye vipimo vya Kanada, yaani kwa IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, ni 6.0 kila kipengele, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea. Najua utasema si alishafanya IELTS wakati anaondoka! Alifanya ile ya Academic, ya kuombea chuo. Hii wanataka General Training, na matokeo yakishazidi miaka miwili hawayapokei. Kwaiyo kabla ya fomu atafute nafasi ya mtihani, wiki hii.

Sasa pasipoti, hapa naomba nijisemee. Mimi huko Kanada nilistahili kibali cha miaka mitatu, nikapewa miezi kumi na minne. Nikalia, nikampigia dada mmoja wa Kitanzania pale mjini akaniuliza swali moja tu, pasi yako inaisha lini? Nikafungua ule ukurasa wenye picha, tarehe ya mwisho ya pasi na tarehe ya mwisho ya kibali ni ileile, mpaka siku. Hawatoi kibali kinachopita uhai wa pasipoti. Nilipopata pasi mpya nikaomba ile miaka iliyobaki, kwa makaratasi ya posta na sio onlaini, nikakaa miezi nasubiri bahasha huku mwajiri ananiangalia kwa jicho la pembeni. Pasi zetu za kielektroniki zilianza 2018 na zinakaa miaka 10, kwaiyo hao waliochukua mwanzo mwanzo zinaisha 2028, na mwanao ni mmoja wao. Mwambie aanze safari ya ubalozini Ottawa mapema, ila maombi ya kibali yasisubiri pasi mpya. Atume na hiyo aliyonayo, miaka itakayokatwa ataiomba baadae. PGWP mtu anapewa mara moja tu maishani, lakini kudai kipande kilichokatwa na pasi inaruhusiwa.

Harusi. Dada yangu hapa utanichukia. Ile viza iliyobandikwa kwenye pasi ni ya kukupitisha mlangoni, kibali ndo kinakukalisha sebuleni, ni vitu viwili. Akija Septemba huku maombi bado yanashughulikiwa na viza yake ya kuingilia imeisha, atacheza kwaito vizuri sana Tabata lakini kurudi itakuwa kuomba viza upya akiwa hapa, na haijulikani itachukua muda gani. Aangalie tarehe ya viza kabla hujampa nafasi kwenye kamati. Kama imeisha mtumieni video.

Na ajenti. PGWP ni kibali cha wazi, hakihitaji mwajiri wala barua yake, anafanya kazi popote isipokuwa sehemu chache sana. Ada ni dola 255 za Kanada, haizidi laki tano za kwetu, analipa mwenyewe kwa kadi kwenye akaunti yake ya uhamiaji ya huko. Na kwa sheria yao anayeruhusiwa kupokea hela kukusaidia maombi ni mwanasheria au mshauri mwenye leseni ya Kanada. Muulize huyo wa Kinondoni namba yake ya leseni, afu uniambie alijibu nini.

*Shikamoo Anti. Nimepata chuo Uingereza, masta ya uhasibu mwaka mmoja, naanza Septemba hii. Shemeji anasema nikimaliza napewa miaka miwili ya kufanya kazi bila masharti. Kweli? Na mke wangu naweza kwenda nae? – Kijana wa Sinza*

Marahaba mwanangu. Shemeji anaongea ya zamani kidogo. Viza ya wahitimu ya Uingereza ilifunguliwa Julai 2021 kwa miaka miwili, mitatu kwa wa PhD, lakini wanaoomba kuanzia 1 Januari 2027 watapewa miezi 18, wa PhD tu ndo wanabaki na miaka yao mitatu. Wewe unamaliza 2027, kwaiyo piga hesabu ya mkopo wako na miezi 18. Haiongezwi. Ukitaka kubaki baada ya hapo unahitaji mwajiri wa kukudhamini, na mshahara wa kawaida unaotakiwa ni pauni 41,700 kwa mwaka, kwa anayeanza kazi 33,400. Kwa uhasibu inawezekana ila anza kutafuta toka mwezi wa kwanza, usije ukakaa gheto mwaka mzima unapakia mizigo afu ndo ukumbuke CV.

Halafu lazima uombe ukiwa ndani ya Uingereza, kabla viza ya mwanafunzi haijaisha, na chuo kiwe kimeshawajulisha serikali kwamba umefaulu. Watu wanakusanya tasnifu, wanapanda ndege kuja kupumzika Sinza, viza inaishia hapahapa na mchezo umekwisha. Weka pembeni na hela ya huduma ya afya, ni pauni 1,035 kwa mwaka na unalipa yote kwa mkupuo, mbali na ada ya viza.

Mke hapana. Tangu Januari 2024 masta ya kusoma darasani hairuhusu kuleta familia, na kwenye viza ya wahitimu unaendelea tu na yule uliyekuwa nae tayari kama mtegemezi wako. Kaa nae mzungumze kabla ya Septemba, asije akayasikia kwa mawifi.

*Anti, mdogo wangu anamaliza digrii ya kompyuta Marekani Desemba. Kuna mtu kamwambia akimaliza aendeshe magari ya kubeba chakula huku anatafuta kazi ya maana. Sawa hiyo? – Dada mtu, Mbagala*

Sio sawa, mzuie leo. Hiyo ruhusa yao inaitwa OPT na kazi lazima iendane na alichosomea, kubeba chipsi za watu haimo. Ni miezi 12, na kwa vile kasoma kompyuta anaweza kuomba mingine 24 ikiwa mwajiri ameandikishwa kwenye E-Verify, ule mfumo wao wa kuhakiki kama mtu anaruhusiwa kufanya kazi. Katika ile 12 ya kwanza akikaa bila kazi zaidi ya siku 90 jumla, anakuwa amevunja masharti ya viza yake. Dirisha la kuomba linafunguka siku 90 kabla ya kumaliza na linafungwa siku 60 baada, kwaiyo kwa anayemaliza Desemba, Septemba ndo mwezi wa kugonga mlango wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni hapo chuoni. Wakishampa fomu yao ana siku 30 tu za kutuma maombi, asiiweke kwenye begi.