Dawa Zilikuwepo, Mbona Kaka Yangu Hakuzipata?

SWALI: Mhariri mpendwa, kaka yangu alifariki kwa Ukimwi mwaka 2000, na daktari alituambia wazi kwamba dawa zipo ila hatungeweza kuzinunua. Leo mpwa wangu huzichukua bila malipo kliniki, lakini jirani amemtia hofu kwamba dawa za kutoka India ni bandia. Ni nini kilichobadilika, na je, jirani asema kweli?
Msomaji, Kayole

JIBU: Pole sana, dada yetu. Daktari huyo hakuwadanganya. Dawa tatu za kupunguza makali ya virusi zikitumiwa pamoja zilijulikana kuokoa maisha tangu mwaka 1996, lakini kaka yako alipofariki ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, kwa sababu kampuni zilizokuwa na hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, zingeweza kumzuia mwingine yeyote kuzitengeneza. Novemba 1999 Rais Moi alikuwa ametangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa, ila tangazo hilo halikugusa bei.

Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilikubali kuliuzia shirika la misaada ya matibabu la Madaktari Wasio na Mipaka dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka. Sheria ndiyo iliyokuwa kikwazo, na hapa Nairobi wanaharakati, wakiwemo watu wanaoishi na virusi, waliwashawishi wabunge hadi ikapitishwa Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka 2001, iliyofungua njia ya kuagiza dawa za bei nafuu kutoka nje. Mwaka 2006 matibabu yakawa bila malipo katika hospitali za umma. Kwa maoni yangu, heshima ya kwanza ni ya waliojitokeza hadharani wakati kujitokeza kulimaanisha kupoteza kazi na marafiki, kama marehemu Joe Muriuki, aliyetangaza hali yake mwishoni mwa miaka ya 1980.

Ama kuhusu jirani yako, hofu yake ina historia. Sheria ya mwaka 2008 ya kupambana na bidhaa ghushi ilieleza maana ya bidhaa ghushi kwa upana mno, hata dawa halali iliyotengenezwa bila idhini ya mwenye hataza ingeweza kuzuiliwa bandarini kana kwamba ni ya kitapeli. Watu watatu wanaoishi na virusi waliishtaki serikali, na tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu akaamua kwamba vifungu hivyo vilihatarisha haki ya uhai, utu na afya iliyomo katika Katiba ya 2010. Dawa bandia humdanganya mgonjwa kuhusu kilichomo ndani yake. Dawa ya jenariki, yaani nakala halali ya dawa asili kama hizo za India, ina kiambato kile kile kwa kipimo kile kile, na jina la kiambato hicho limechapishwa kwenye kopo. Mpwa wako aendelee kumeza tembe zake kila siku bila kuruka, na zikibadilika rangi au umbo, amwulize mfamasia wa kliniki.