Ni- yetu, -o yao: kwa mnaoanza vitenzi vya Kihispania

Kabla hujafungua jedwali la vitenzi, tazama neno letu "ninasema". Msemaji yuko wapi? Yuko mwanzoni, kwenye ni-. Ukiweka u- au tu-, mtu amebadilika, kitenzi ni kilekile. Kihispania nacho humbeba mtendaji ndani ya kitenzi, ila humweka mkiani.

Chukua hablar, kuzungumza (h haitamkwi). Ondoa -ar, ibaki habl-, kisha ubandike: hablo, ninazungumza, hablas, unazungumza, habla, anazungumza, hablamos, tunazungumza, habláis, mnazungumza, hablan, wanazungumza. Habla haijali mwanamume wala mwanamke, sawasawa na a- yetu. Tena mtu unayemheshimu huitwa usted, na usted huenda na habla, siyo hablas. Hilo lishike mapema.

Miezi ya kwanza kila sentensi yangu ilianza na yo: yo hablo, yo como, yo vivo. Mwalimu akaniuliza, "Kwenu kila mara mnasema mimi ninakula, mimi ninaishi?" Kumbe yo ni kama "mimi" yetu, huitwa pale tu unapotaka kusisitiza.

Vitenzi vya -er, mfano comer, kula: como, comes, come, comemos, coméis, comen. Vya -ir, mfano vivir, kuishi: vivo, vives, vive, vivimos, vivís, viven. Vilinganishe taratibu utaona vinaachana kwenye "sisi" na "ninyi" peke yake. Na kama unajifunza ili uzungumze na watu wa Meksiko au Kolombia, hiyo ya "ninyi" iache kwanza. Wao kwa "ninyi" husema ustedes hablan.

Mkazo usikutishe. Sisi tumezoea kukazia silabi ya pili kutoka mwisho, na hablo, hablas, hablamos zote zinakubali. Ila ukiteleza ukakazia mwisho, habló, umeshasema "alizungumza".

Kosa lililonichelewesha zaidi ni kukariri kwa mpangilio. Mtu aliniuliza "¿Dónde vives?", unaishi wapi, nikaanza kuhesabu kimoyomoyo vivo, vives, vive, mpaka akadhani sikumsikia. Kwa hiyo zoezeni kwa jozi, swali na jibu, kwa sauti: ¿Hablas español? (unazungumza Kihispania?) Hablo un poco (kidogo). ¿Qué comes? (unakula nini?) Como arroz (wali). ¿Dónde vives? Vivo en Mombasa.