Kabla hujakata eksozi ya gari lako la turbo

Nilipolinunua Forester langu la mwaka 2003, lile la turbo lenye injini ya lita 2.0, nilikosea mahali ambapo naona vijana wengi wa Mwanza wanakosea hadi leo. Nilienda kwa fundi wa kuchomelea nikamwambia nataka gari lipumue. Akakata sailensa ya nyuma, akaweka kopo kubwa linalong'aa, mdomo wake inchi nne. Kazi haikufika saa moja. Nikatoka pale gari linaunguruma mpaka bodaboda wanageuka kutazama.

Kisha nikapanda kilima cha Bugando. Gari lilikuwa lilelile. Turbo iliamka kwenye resi zilezile, na nguvu zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni mlio. Wiki iliyofuata nilienda Musoma, na nikifika spidi ya 90 tu, mvumo ulijaa ndani ya gari hadi tukaacha kuzungumza. Tulipofika Bunda kichwa kilikuwa kinaniuma kweli. Fedha niliyolipa ingekuwa nusu ya gharama ya kazi ambayo ingesaidia, na hilo ndilo linalonifanya niandike.

Ndani ya turbo kuna feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moja inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nyingine inasukuma hewa kuingia ndani. Ile ya moshi inazunguka kwa sababu mgandamizo ulio mbele yake ni mkubwa kuliko ulio nyuma yake. Ukipunguza mgandamizo wa nyuma, feni inashika kasi mapema. Sasa jiulize moshi unabanwa wapi hasa baada ya kutoka kwenye turbo. Ni kwenye bomba la kwanza linaloshuka, lile ambalo mafundi wanaliita daunipaipu, lenye kona kali na masega ndani yake, yaani kile kichujio kinachosafisha moshi. Hapo moshi bado una joto kali na umetanuka. Ukifika kwenye sailensa ya nyuma, mita kadhaa mbele, umeshapoa na kusinyaa, na sailensa ya kiwandani inaupitisha bila shida kubwa. Kwa hiyo kama bajeti yako ni ya kazi moja, ianzie jirani na turbo.

Na hapa kwetu jambo hili lina uzito zaidi. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni takriban asilimia 87 ya ule wa Dar es Salaam. Turbo ya Mwanza inafanya kazi ngumu zaidi kuifikishia injini hewa ileile. Ndiyo maana gari lililokuwa likivuta vizuri pwani linaweza kuonekana zito likishafika huku, na mwenyewe akadhani injini imechoka.

Kabla ya kununua bomba lolote, mwambie fundi akague uvujaji kati ya injini na turbo. Moshi ukipenya kwenye gasketi ya bomba linalopanda kwenda kwenye turbo, hakuna eksozi ya kukuokoa, maana nguvu inamwagika kabla haijafika kwenye feni. Langu lilikuwa na alama nyeusi za masizi kwenye flanji, pale bomba linapofungwa kwa bolti. Gasketi mpya peke yake ilinirudishia mvuto ambao sikujua kama niliupoteza.

Daunipaipu niliyochagua baadaye ni ya inchi tatu. Wapo watakaokuambia bomba pana linaua nguvu za chini. Hilo lina ukweli kwa injini isiyo na turbo, ambayo inategemea kasi ya moshi ndani ya bomba. Kwenye turbo, feni imeshachukua kazi yake kutoka kwa moshi huo, na baada ya hapo kinachotakiwa ni nafasi. Mpaka wake ni uvungu wa gari. Ukikaa Isamilo au Mabatini, kwenye njia zile za mawe, bomba lisiningʼinie chini ya chuma cha fremu hata kidogo, la sivyo utaliacha barabarani. Lala chini ya gari mwenyewe uangalie kabla hujalipa.

Angalia pia kona za bomba. Bomba lililokunjwa kwa mashine nzuri linabaki na upana wake kwenye kona, lililokunjwa ovyo linajikunja kama mrija wa soda na kurudisha kizuizi ulichokuwa unakikimbia. Kuhusu chuma, ukiweza chukua stenlesi. Eksozi za magari ya safari fupi, Nyegezi hadi mjini na kurudi, zinaoza kutokea ndani, kwa sababu maji yanayotokana na uchomaji wa petroli hayapati muda wa kukauka.

Sasa sehemu inayoua injini. Ukishafungua njia baada ya turbo, feni inaweza kuzunguka kupita kiwango. Kuna mlango mdogo unaopunguza moshi unaokwenda kwenye feni ili busti, yaani mgandamizo wa hewa ambayo turbo inaisukuma kwenye injini, isizidi, na kwenye turbo ndogo mlango huo huzidiwa. Mimi niliona hivyo baada ya kupita Kisesa: nimekanyaga mafuta hadi chini, ghafla gari likakatika kama limegonga ukuta, kisha likarudi. Ilikuwa kompyuta ya injini inakata petroli kuilinda injini. Nilishukuru kwamba ilikata. Injini ikipata hewa nyingi bila petroli ya kutosha, pistoni zinayeyuka, na hakuna taa itakayokuonya kwa wakati.

Kwa hiyo daunipaipu na kupanga upya kompyuta ni kazi moja. Usinunue ya kwanza kama huna fedha ya pili. Na mpangaji apange akiwa na petroli tunayojaza hapa, kwa sababu magari haya ya Japani yalipangwa kwa petroli yao ya daraja la juu, yenye oktani (kipimo cha petroli kustahimili isilipuke kabla ya wakati) karibu 100. Weka na geji ya busti. Ni kitu kidogo, lakini utajua kinachoendelea kabla injini haijakwambia.

Kinga za bati zinazozunguka bomba zirudishwe zote. Kwenye Subaru, bomba hilo linapita karibu na mpira wa sivijointi ya mbele kulia, kiungo cha mhimili unaozungusha gurudumu, na joto likiachwa wazi mpira unapasuka, grisi inamwagikia kwenye eksozi, unaanza kunusa harufu ya kuungua usijue inatoka wapi.

Masega sikuyatoa moja kwa moja. Nilifunga ya chuma, yenye matundu 200 kwa inchi ya mraba, yanayopitisha moshi vizuri kuliko ya kiwandani na bado yanasafisha. Kutoa kabisa kunaongeza nguvu kidogo tu juu ya hapo, na moshi mchafu wanauvuta watu wanaotembea kando ya barabara, wengi wao watoto wa shule. Masega yako ya zamani ondoka nayo. Yana platinamu na paladiamu, na wapo wanunuzi wanaozunguka kwenye gereji kuyatafuta.

Ile sailensa ya kelele niliitoa kwa sababu ya jirani. Alikuwa ametoka kujifungua, akaja mlangoni asubuhi, akanisalimia kwa heshima, akasema, "Baba Neema, samahani, kila ukirudi usiku mtoto anaamka." Hakugomba hata kidogo, na hilo liliniuma zaidi. Siku hiyohiyo nilitafuta sailensa ya kiwandani iliyotumika, nikaifunga. Leo gari linapanda Bugando turbo ikiamka mapema, na nikirudi saa tano usiku, mke wangu anajua nimefika akisikia geti.