Jibu: Bei yetu ya chini, lakini zabuni ya foklifti imekataliwa

Habari mkuu. Kwa hiyo mliweka bei ya chini kuliko wote kwenye zabuni ya foklifti (mashine za kunyanyulia mizigo kwa uma) za ghala la serikali, mkaenguliwa kwenye tathmini ya kiufundi. Kwa kawaida hatua hiyo bei haihesabiki kabisa.

Anza na jedwali la vigezo. Mliandika "inakidhi" kila mstari? Hilo huangusha wengi. Andika takwimu, na utaje ukurasa wa katalogi unaoithibitisha. Kisha soma kibao cha uwezo, kile cha kwenye mashine kinachoonyesha uzito inaoweza kunyanyua: mashine ya tani 3 kwa kawaida hupimwa kitovu cha mzigo kikiwa milimita 500 kutoka uso wa uma. Wakitaka mlingoti (nguzo inayopandisha uma) mrefu au kifaa cha kusogeza uma pembeni, uwezo hushuka. Mkaguzi makini hutafuta namba ya uwezo uma ukiwa umeinuliwa juu kabisa. Jina la modeli halimsaidii.

Barua ya idhini ya mtengenezaji nayo itaje namba ya zabuni hiyohiyo. Ile ya uwakala wa jumla mara nyingi haipiti.

Ombeni sababu kwa maandishi leo, maana muda wa kukata rufaa huwa mfupi. Wakijibu, ficha majina uiweke hapa tuisome.